Pangisha, Usiuze: Namna ya Kubaki Mmiliki wa Kitabu, Wimbo au Filamu Yako

Filamu yetu fupi ilikuwa ya dakika 22, na ilituchukua miezi saba, mimi na wenzangu watatu, tukifanya kazi mwisho wa wiki tu. Kituo kimoja cha televisheni kikaiona, kikaipenda, kikatuandikia barua pepe ya mistari minne: wanaitaka, wataionyesha mara tatu, tuwatumie hati za umiliki. Hati gani? Filamu tulikuwa nayo. Karatasi hatukuwa nayo hata moja. Mwenzetu aliyetupa muziki alitupa kwa mdomo, usiku wa manane, kwa furaha ya kuona ala zake zimekaa vizuri kwenye picha. Tulipomtafuta atie saini, muziki uleule alikwisha kuupa kampuni nyingine kwa mkataba wa kipekee. Hakutudhulumu. Hakuwahi kutuahidi lolote kwa maandishi, nasi hatukuwahi kumwomba. Tukaanza kubadilisha muziki wote, onyesho kwa onyesho, na siku tuliyomaliza ratiba ya kituo ilikuwa imeshafungwa.

Tangu hapo nimesoma mikataba mingi, yangu na ya marafiki, na jambo moja limenikaa: kazi nyingi za wasanii hazikuibwa usiku. Wenyewe walizitoa mchana, kwa saini, au kwa kunyamaza pale ilipotakiwa karatasi. Mwongozo huu unafuata njia ya kazi yenyewe, tangu wazo linapoandikwa hadi siku ambayo wewe hutakuwepo. Nia yake ni kukuwezesha kupangisha kazi yako chumba kwa chumba, huku hati ya nyumba ikibaki kabatini mwako.

Hatua ya 1: Hesabu vyumba vya nyumba yako

Hakimiliki haiombwi. Mkataba wa Berne, uliozaliwa mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa, unafuatwa leo na nchi zaidi ya 180, na msingi wake ni kwamba kazi inalindwa bila sharti la kusajiliwa. Umeiandika au umeirekodi, ni yako. Ulinzi hudumu si chini ya maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Nchi nyingi, zikiwemo za Umoja wa Ulaya, zimefikisha miaka 70. Filamu na rekodi za sauti huwa na hesabu zake.

Kisicholindwa ni wazo tupu. Ukimsimulia mtu kwenye simu kisa cha binti anayemtafuta baba yake baharini, naye akaenda kuandika riwaya kwa maneno yake mwenyewe, huna cha kumdai. Kurasa kumi ulizokwisha kuandika, hizo ndizo zako. Kwa hiyo andika kwanza, simulia baadaye.

Sasa vyumba. Watu husema "haki za kitabu" kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo mchapishaji anapokushinda kabla hamjaanza kuzungumza. Kitabu kimoja kina haki ya toleo la karatasi, haki ya kitabu pepe, haki ya kitabu cha sauti, haki ya tafsiri kwa kila lugha peke yake, haki ya kugeuzwa filamu au tamthilia, haki ya kuchapishwa kwa sehemu gazetini. Kila moja inaweza kwenda kwa mtu tofauti, kwa muda tofauti, katika nchi tofauti.

Wimbo una nyumba mbili kabisa. Ya kwanza ni utunzi: maneno na melodia. Ya pili ni rekodi, yaani masta, sauti yenyewe iliyonaswa studio siku ile. Mtunzi ni mmoja, mwenye masta anaweza kuwa mwingine, na pesa zao hupita njia tofauti. Taylor Swift alipoona masta za albamu zake sita za mwanzo zimeuzwa mwaka 2019 kwa watu asiowataka, kilichomwokoa ni nyumba ya kwanza. Yeye ndiye mtunzi, kwa hiyo aliweza kurudi studio na kuziimba upya, na kati ya 2021 na 2023 akatoa albamu nne zilizorekodiwa upya, masta zikiwa zake. Mwaka 2025 akazinunua hata zile za zamani. Mwimbaji asiyejitungia angepata shida sana kufanya hivyo. Na tangu hapo lebo, yaani kampuni za kurekodi muziki, nyingi zinataka mikataba inayomzuia msanii kurekodi upya kwa miaka mingi zaidi, basi ukikuta kifungu hicho, jua kimetoka wapi.

Filamu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu ni kazi za watu wengi zilizoshonwa pamoja: mswada, uongozaji, uigizaji, muziki, picha, wakati mwingine kitabu kilichotangulia. Mshono mmoja ukiachia, nguo yote haivaliki. Nimekwisha kukusimulia wetu.

Juu ya yote hayo ipo haki isiyo ya pesa: ya kutajwa jina, na ya kupinga kazi yako isiharibiwe kwa namna inayokuvunjia heshima. Ufaransa haki hii haiuziki kabisa. Kwingine, Uingereza ikiwemo, unaweza kuiachilia kwa saini, na ndiyo maana mikataba mingi huwa na sentensi fupi karibu na mwisho inayokutaka uiachilie. Itafute.

Chukua daftari, andika jina la kazi yako juu ya ukurasa, na chini yake orodhesha kila haki unayoweza kuitaja. Ukurasa huo utauhitaji katika hatua ya tano.

Hatua ya 2: Acha nyayo

Sheria inakulinda tangu dakika ya kwanza, lakini ukigombana na mtu utaulizwa: ulikuwa nayo lini? Hifadhi rasimu zote, pamoja na zile mbaya. Ukimaliza sura, jitumie kwa barua pepe. Usifute faili la mradi wa studio baada ya kutoa wimbo; ndani yake kuna tarehe, kuna majaribio, kuna sauti yako ukikosea mstari wa pili, na hakuna mwizi anayeweza kuyatengeneza hayo baadaye.

Wako wanaoamini kwamba ukijitumia muswada kwa posta katika bahasha iliyofungwa, muhuri wa posta unatosha. Ni ushahidi dhaifu, na hauchukui nafasi ya usajili. Kama nchi yako ina ofisi ya hakimiliki inayosajili kazi, sajili, hasa kazi unayotarajia iingize pesa. Marekani, kwa mfano, kazi ya nchini humo haiwezi kufunguliwa kesi ya kukiukwa hakimiliki kabla ya kusajiliwa, na aliyechelewa kusajili hukosa baadhi ya fidia.

Kisha weka mstari mmoja mahali panapoonekana: alama ya ©, mwaka, jina lako. Leo si sharti, ila unamwambia mtu nani wa kumwomba. Zamani Marekani ilikuwa sharti, na kosa dogo liliweza kuua. Filamu ya George Romero ya wafu wanaotembea, ya mwaka 1968, ilibadilishwa jina na msambazaji kabla ya kutoka. Tangazo la hakimiliki lilikuwa kwenye picha ya jina la zamani. Picha mpya ikawekwa bila tangazo. Kwa sheria ya wakati ule filamu ikawa mali ya umma papo hapo, na yeyote aliweza kuinakili na kuiuza bila kumlipa aliyeitengeneza. Kila ninapokagua nakala ya mwisho ya kazi, naangalia mstari ule mara mbili.

Hatua ya 3: Msitoke studio kabla ya kugawana

Hapa ndipo urafiki unapofia, na hapa naomba uniamini kuliko mahali pengine popote katika mwongozo huu. Mgawanyo wa wimbo uandikwe siku ileile, kabla watu hawajaenda nyumbani, wimbo ukiwa bado hauna thamani ya senti moja. Wakati huo kila mtu ni mkarimu na anakumbuka nani alileta nini. Mwaka mmoja baadaye, wimbo ukishika, kila mtu atakumbuka kwamba kiitikio kilikuwa chake.

Karatasi yenyewe haihitaji ustadi. Ninayoitumia inaonekana hivi:

Wimbo: (jina). Tarehe ya kikao: (siku, mwezi, mwaka).
Utunzi. Maneno: A, asilimia 50. Melodia: A, asilimia 15, B, asilimia 10. Mdundo: B, asilimia 25. Jumla: A 65, B 35.
Masta: A, asilimia 80, B, asilimia 20.
Aliyelipia studio: A. Gharama zitarudishwa kwanza kabla ya kugawana pato la masta: ndiyo.
Nani anaruhusiwa kutoa leseni ya wimbo kwa filamu au tangazo: wote wawili wakubaliane kwa maandishi.
Jina la kila mtu kama litakavyoandikwa, sahihi, tarehe.

Mistari sita. Piga picha kwa simu, tumianeni, kila mtu abaki na nakala.

Mstari wa leseni usiuruke. Nchi hazikubaliani juu ya wamiliki wawili wa kazi moja. Marekani, mmoja wenu anaweza kutoa leseni isiyo ya kipekee, yaani ambayo wengine nao wanaweza kupewa, bila kumuuliza mwenzake, mradi amgawie pato. Uingereza lazima wote waridhie. Msipoandika, mtaamuliwa na sheria ya nchi ambayo pengine hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuifikiria. Waandishi wawili wa mswada mmoja wa filamu wanahitaji karatasi hiihii, na wachoraji na waandishi wa vitabu vya watoto vilevile.

Neno kuhusu biti, yaani midundo iliyokwisha kutengenezwa, za kununua mtandaoni. Biti nyingi haziuzwi, zinakodishwa. Leseni ya bei nafuu huwa na ukomo: wimbo usikilizwe mara kadhaa tu, usitumike kwenye filamu, na prodyuza abaki huru kuikodisha biti ileile kwa watu wengine hamsini. Soma ukomo kabla ya kurekodi sauti yako juu yake. Na kama umenyofoa kipande cha wimbo wa mtu, hata sekunde tatu, unahitaji ruhusa mbili: ya mwenye utunzi na ya mwenye masta. Ile hadithi kwamba sekunde chache ni bure haina msingi.

Hatua ya 4: Kila mkono uliogusa kazi utie saini

Mhariri wa picha, mpiga ngoma wa kukodiwa, mchora jalada, mtafsiri, mwigizaji wa onyesho moja: wote hao wanaweza kuwa na haki ndani ya kazi yako. Wengi hudhani kwamba ukimlipa mtu, umenunua. Sivyo. Katika nchi nyingi aliyeajiriwa kwa mshahara akafanya kazi kama sehemu ya ajira yake, hakimiliki huenda kwa mwajiri. Lakini wa kujitegemea, uliyemlipa kwa kazi moja, kwa kawaida hubaki na hakimiliki yake hadi aihamishe kwa maandishi yenye saini yake. Risiti ya malipo haitoshi.

Kwa hiyo kabla ya siku ya kwanza ya kazi mpe kila mmoja ukurasa mmoja: anafanya nini, analipwa nini na lini, anakupa haki ipi, jina lake litaandikwaje. Uwe mwenye haki kwake kama unavyotaka wengine wawe kwako. Mchora jalada akikuruhusu kutumia mchoro kwenye kitabu na matangazo yake, hicho ndicho unachohitaji. Usimtake akuachie mchoro milele kwa fulana na vikombe ambavyo hutavitengeneza.

Kwa filamu ongeza ridhaa za watu wanaoonekana, ruhusa za mahali mlipopigia picha, na leseni za muziki. Leseni ya muziki ndani ya picha pia ni mbili, utunzi na masta. Weka vyote kwenye folda moja yenye jina la filamu. Msambazaji makini ataomba mnyororo wa umiliki, yaani hati zinazoonyesha kila haki ilitoka kwa nani, kabla ya kuuliza lolote lingine, na folda hiyo ndiyo mnyororo wenyewe.

Hatua ya 5: Soma mkataba kwa kalamu mkononi

Mkataba ukija, usiusome kwanza ukurasa wenye pesa. Pesa hufanya macho yapite haraka. Anza na kifungu kinachosema unatoa nini. Mara nyingi kitakuwa hivi:

"Mwandishi anamkabidhi Mchapishaji haki zote za Kazi, katika maumbo yote yaliyopo na yatakayobuniwa, kwa lugha zote, duniani kote, kwa muda wote wa hakimiliki."

Isome polepole. "Anamkabidhi" ni kuuza. Neno unalolitaka ni "anampa leseni". "Haki zote" ni ule ukurasa wako wa daftari wote kwa mkupuo. "Yatakayobuniwa" ni vitu ambavyo hakuna ajuaye bei yake kwa sababu havijazaliwa. "Muda wote wa hakimiliki" ni uhai wako na miaka 50 au 70 ya wajukuu zako. Sentensi moja, na nyumba imekwenda.

Sasa chukua kalamu uandike juu yake:

"Mwandishi anampa Mchapishaji leseni ya kipekee ya kuchapisha na kuuza Kazi kwa Kiswahili, kama kitabu cha karatasi na kitabu pepe, kwa miaka saba tangu siku ya kuchapishwa. Haki zisizotajwa hapa zinabaki kwa Mwandishi."

Sentensi ya mwisho ndiyo kufuli. Ukilazimika kuachia mengine yote, ipiganie hiyo.

Kifungu kinachofuata kwa umuhimu ni cha kazi kurudi. Mwaka 1803 Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, aliuza muswada wake kwa mchapishaji mmoja wa London kwa pauni 10. Mchapishaji aliutangaza, kisha akauweka. Miaka sita ikapita. Austen alipoandika kuuliza, alijibiwa kwamba hakuna muda uliowekwa wa kuuchapisha, wala wao hawakufungwa kuuchapisha, na kama anautaka aulipie zilezile pauni 10. Uliponunuliwa na kaka yake ilikuwa 1816, na kitabu kilitoka mwishoni mwa 1817, mwandishi akiwa ameshafariki. Miaka 14 kwa sababu ya mstari mmoja usiokuwepo. Uandike wewe: kisipochapishwa ndani ya miezi 18, haki zinarudi bila malipo. Kikiacha kuuzwa, au nakala zikishuka chini ya idadi fulani kwa mwaka, zinarudi. Usikubali maneno "kitabu kikiwa bado kinapatikana" bila idadi, kwa sababu faili la kitabu pepe linapatikana daima hata kama hanunui mtu. Kifungu hichohicho kifae lebo ambayo haitoi albamu na kampuni ya filamu iliyonunua mswada ikaulaza.

Halafu njoo kwenye pesa. Mrabaha, yaani fungu lako katika mauzo, wa asilimia fulani hauna maana mpaka ujue asilimia ya nini. Ya bei ya dukani? Ya pato ghafi? Ya pato halisi baada ya gharama? "Pato halisi" bila orodha ya gharama zinazoruhusiwa kukatwa ni shimo. Filamu inaweza kujaza kumbi na bado vitabu vya hesabu vikaonyesha hasara. Dai asilimia ndogo ya ghafi kuliko kubwa ya halisi. Malipo ya awali nayo si zawadi. Hukatwa kwenye mrabaha wako hadi yaishe, na kwa wanamuziki lebo nyingi hukata humohumo video, studio, hata safari. Kuna msanii ninayemfahamu ambaye wimbo wake ulipigwa kila mahali kwa miaka miwili, na taarifa yake ya hesabu ilionyesha deni. Omba taarifa kila miezi sita, na haki ya kutuma mhasibu wako kukagua.

Tazama pia mkono unaoshika kazi zako zijazo. "Mchapishaji atakuwa na haki ya kwanza juu ya kazi zinazofuata" ina maana huwezi kupeleka riwaya ya pili kwingine mpaka wao waseme. Ikibidi uikubali, iwe kazi moja tu, ya aina ileile, nao wakujibu ndani ya siku 60. Kwa mwanamuziki hesabu albamu, usihesabu miaka tu: mkataba wa "albamu tano" unaweza kukushika miaka 12 ikiwa lebo ndiyo inayoamua albamu imekubalika lini.

Na kifungu kipya ambacho miaka mitano iliyopita hakikuwepo: akili mnemba. Andika wazi kwamba kazi yako, sauti yako na sura yako haziruhusiwi kutumika kufundishia programu za akili mnemba wala kutengeneza nakala ya sauti au sura yako bila ruhusa tofauti na malipo tofauti. Waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma siku 148 mwaka 2023, na ulinzi dhidi ya akili mnemba ulikuwa miongoni mwa waliyorudi nayo. Nawe ukitumia programu hizo kutengeneza kazi, kumbuka kwamba Marekani sehemu iliyotengenezwa na mashine bila mkono wa mtu haipati hakimiliki.

Mlipe mwanasheria saa moja. Nenda kwake ukiwa umeshapigia mistari vifungu vinavyokutia wasiwasi, ili saa hiyo itumike kujibu maswali yako, isitumike kusoma. Mkataba unaotakiwa kusainiwa leo jioni la sivyo nafasi imekwenda, huo usiusaini leo jioni.

Hatua ya 6: Ukiwa mnyonge mezani, omba muda na vyumba

"Nani atanikubalia haya, mimi sijulikani?" Swali hili naulizwa kila mara, na ni la haki. Mgeni hana nguvu ya kudai pesa nyingi. Lakini kuna vitu ambavyo upande wa pili huvithamini kidogo leo, na kwako vitakuwa vikubwa kesho. Mwongozaji wa filamu George Lucas, kabla ya filamu yake ya anga za juu ya mwaka 1977, hakushindania kuongezewa ujira wa uongozaji. Aliomba haki za filamu zitakazofuata na za bidhaa. Studio ikaona ni vitu vidogo. Vikawa utajiri wake.

Basi badala ya kusema "naomba mara mbili", sema "nakubali kiasi hiki, ila iwe miaka mitano badala ya milele", au "kitabu cha sauti kibaki kwangu", au "masta zirudi kwangu baada ya miaka kumi". Mtu anayetaka kutumia kazi yako mwaka huu hana sababu nzito ya kukataa. Akikataa yote, hata muda, amekuonyesha anachokitaka hasa.

Kama umeshasaini zamani, usikate tamaa. Kwa mikataba iliyoangukia chini ya sheria ya Marekani tangu 1978, mtunzi anaweza kuzidai haki zake baada ya miaka 35, kwa taarifa ya maandishi inayotolewa kabla, isipokuwa kazi iliyofanywa kama ya kuajiriwa. Nchi nyingine zina milango yake. Uliza.

Hatua ya 7: Simama pesa zinapopita

Mwaka 1847, katika mkahawa mmoja wa Paris uliokuwa ukipigiwa muziki, mtunzi Ernest Bourget alikataa kulipia kinywaji chake. Hoja yake: nyinyi mnatumia wimbo wangu bila kunilipa, nami natumia kiti chenu bila kuwalipa. Mahakama ikamwunga mkono, na mwaka 1851 ikazaliwa SACEM, chama cha watunzi kinachokusanya mirabaha hadi leo. Vyama vya namna hiyo viko sasa katika nchi nyingi na vimeunganishwa: wimbo wako ukipigwa redioni ng'ambo, chama cha huko hukusanya na kukitumia cha kwenu. Lakini hakitumi kwa mtu asiyejulikana. Jiandikishe kama mtunzi, na kama umepiga au umeimba kwenye rekodi, uliza pia kuhusu haki za watumbuizaji, maana ni mfuko mwingine. Kabla ya kusaini soma kama unakipa chama haki zako zote au baadhi, maana ukishakikabidhi, huenda usiweze kumpa rafiki wimbo bure.

Kila kazi iwe na namba yake ya utambulisho ya kimataifa: kila rekodi ISRC, kila utunzi ISWC, kila toleo la kitabu ISBN. Ukijichapishia, nunua au omba ISBN kwa jina lako, kwa kuwa inaonyesha mchapishaji ni nani. Majina kwenye taarifa za wimbo yaandikwe sawasawa kila mahali. Herufi moja ikitofautiana, pesa hukaa mahali zikingoja mwenyewe.

Na funguo ziwe zako. Chaneli ya video, akaunti ya msambazaji wa mtandaoni, kikoa cha tovuti, orodha ya barua pepe za wasomaji: vyote vifunguliwe kwa anwani yako, meneja apewe ruhusa ya kuingia tu. Nakala za masta, pamoja na kila ala peke yake, na faili la filamu lisilobanwa, zikae kwako mahali pawili.

Hatua ya 8: Ukitoa bure, toa kwa kujua

Kutoa ni uhuru pia. Leseni za Creative Commons, zilizotolewa kwa mara ya kwanza 2002, hukuwezesha kusema: nakili, ila nitaje, au nakili, ila usifanye biashara. Chagua kwa makini. Aliyekwisha kuipokea kazi kwa leseni hiyo huwezi kumnyang'anya baadaye.

Hatua ya 9: Andika wasia

Solomon Linda, mwimbaji wa Afrika Kusini, alirekodi wimbo wake "Mbube" Johannesburg mwaka 1939, na haki zake zikamtoka kwa shilingi 10. Wimbo ukazunguka dunia kwa maneno mengine, ukaingia kwenye filamu kubwa, naye akafa maskini mwaka 1962. Miaka mingi baadaye wanasheria wa binti zake waliegemea sheria ya Kiingereza ya 1911, iliyosema haki alizouza mtunzi hurudi kwa warithi miaka 25 baada ya kifo chake. Kesi ikaisha kwa mapatano mwaka 2006. Sheria hiyo ilikuwepo muda wote; aliyekosekana ni mtu wa kuwaambia.

Wasia wako usiseme "mali zangu" tu. Taja kazi zako kwa majina, taja nani atapokea mirabaha, na taja nani ataamua juu ya leseni. Si lazima wawe mtu mmoja, na mara nyingi ni heri wasiwe. Kisha chapa ukurasa mmoja wenye orodha ya kila kazi, mkataba wake uko wapi, unaisha lini, na pesa zake hupitia akaunti ipi. Uweke pamoja na hati zako nyingine, mwonyeshe mtu unayemwamini mahali ulipo, na kila mwaka ukimaliza kazi mpya, ongeza mstari.